Hesabu ya Tortila: Zipi Ununue, Zipi Upike Mwenyewe

Mfuko wa kwanza wa unga wa masa niliununua nikidhani ni sembe. Ilikuwa wiki yangu ya pili Houston, Texas, mtaa wa Gulfton, na nilikuwa na ile hamu ya ugali inayompata mtu aliyeshindia mikate siku kumi mfululizo. Mfuko ulikuwa na picha ya hindi, unga wenyewe mweupe na laini kama poda, nikaona nimefika. Maji yalipochemka nikaanza kusonga, na sufuria ikatoa harufu ya ukuta uliopakwa chokaa jana yake. Ugali ukanata mwikoni kama udongo wa mfinyanzi. Dada mmoja wa Bukavu, jirani wa ghorofa ya juu, alikuja kuazima chumvi, akachungulia sufuriani, akacheka mpaka akashika ukuta. "Kaka," akasema, "hii si unga ya bugali hata kidogo. Hii ni ya wenye kupika tortila."

Harufu ile haikuwa ubovu. Ilikuwa chokaa kweli, na chokaa ndiyo siri ya chakula chote ninachotaka kukipigia hesabu hapa. Tangu siku ile nimepika tortila nyingi, hizo chapati nyembamba za Wameksiko, na nimenunua nyingi zaidi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhifadhi risiti, niliamua Jumamosi moja kukaa mezani na mzani wa jikoni, kalamu, na ile bahasha ya risiti, nione kama kujitengenezea nyumbani kunaokoa pesa kama watu wanavyodai.

Mwenye haraka asisubiri mwisho, nitasema sasa hivi nilikofika. Tortila za mahindi, nunua. Za ngano, pika mwenyewe. Yale maganda magumu ya taco yanayouzwa kwenye boksi, usiyanunue, lakini pia usianzie kwenye unga: nunua tortila za mahindi, kisha uzikaange. Yaliyobaki ni sababu na senti.

Kabla ya senti, neno moja la lugha. Tortila nimeiandika kwa matamshi yetu bila wasiwasi. Taco sitaifanyia hivyo. Nitaiacha na herufi zake za Kihispania, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini. Watoto wangu walipoanza shule hapa, wakaja siku ya kwanza kunitangazia kwa sauti kubwa walichokula mchana, mbele ya wageni kutoka Tanga, nilijifunza kwamba kuna maneno hayatafsiriwi wala hayaswahilishwi.

Haya, chokaa. Wameksiko huchemsha punje kavu za mahindi ndani ya maji yenye chokaa ya chakula, kiasi cha gramu 10 kwa kila kilo ya mahindi, kisha huziacha zilale humo usiku kucha. Asubuhi lile ganda la nje limekuwa kama ute, linatoka kwa kusugua tu kwa viganja. Punje zilizobaki huitwa nixtamal, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na husagwa zikiwa na unyevu wake zikawa donge laini linaloitwa masa. Chokaa huvunja kuta za chembe za mahindi, na kile kinachotoka humo ndicho gundi inayoshika donge. Sembe yetu haijapita huko. Nilijaribu: nikaikanda kwa maji ya moto, nikaibana kati ya plastiki, na pembeni ikapasuka kama tope la kiangazi. Niliponyanyua, nusu ilikuja mkononi na nusu ikabaki kwenye plastiki. Kwa hiyo anayekuambia sembe au dona ni kitu kilekile na masa, hajawahi kujaribu.

Chokaa hufanya na kazi ya pili. Niasini iliyomo kwenye mahindi imefungwa kwa namna ambayo mwili hauwezi kuipata, chokaa huifungulia. Mahindi yaliposafirishwa kwenda Ulaya, maarifa haya hayakupakiwa pamoja nayo, na maskini wa kaskazini mwa Italia walioishi kwa mahindi matupu wakapata pelagra, maradhi ya ngozi, tumbo na akili. Ikaja ikawa hivyohivyo kusini mwa Marekani. Mwaka 1914 serikali ilimtuma huko daktari Joseph Goldberger, naye akaonyesha kwamba tatizo liko kwenye sahani na si kwenye vijidudu. Sisi wa ugali tumekuwa tukiokolewa na dagaa, maharage na karanga bila kujua. Karanga zilipokosekana kwenye mgao wa wakimbizi wa Msumbiji kule Malawi, mwaka 1989 na 1990, pelagra ilirudi.

Nimeyasema haya kwa sababu watu hupenda kuhalalisha jasho la jikoni kwa kusema "ni afya zaidi". Kwa hili la niasini, tortila ya dukani nayo imepita kwenye chokaa. Faida ni ileile, iwe umeikanda wewe au mashine.

Sasa tuhesabu. Bei ni zile nilizozikuta mimi katika maduka ninakonunua. Kwako zinaweza kupanda au kushuka kidogo, lakini uwiano wake haubadiliki sana.

Mfuko wa unga wa masa wa ratili 4, yaani kilo 1.8, ulinigharimu kama dola 5. Kilo moja ya unga hunywa karibu lita 1.3 ya maji ya uvuguvugu, kwa hiyo mfuko mzima unatoa donge la zaidi ya kilo 4. Nikikata madonge ya gramu 35, ukubwa wa ndimu ndogo, napata tortila 120 hivi. Hiyo ni senti 4 na kidogo kwa kila moja. Weka chumvi na moto wa jiko, sema senti 5.

Dukani, pakiti ya tortila 30 za mahindi ilikuwa dola 2.40: senti 8 kwa moja. Lakini chini yake, kwenye rafu ya karibu na sakafu ambako mtu mwenye mgongo mbovu hainami, kuna pakiti ya 80 kwa dola 4.50. Hiyo ni senti 5.6. Yaani nikipika tortila 20 za chakula cha jioni, nimeokoa senti 60 dhidi ya pakiti ndogo, na senti 12 dhidi ya pakiti kubwa. Kwa senti hizo 12 nimesimama jikoni dakika 45, nimechafua bakuli, meza na shati.

Na bado sijahesabu chuma. Tortila ya mahindi haisukumwi kama chapati, kwa sababu masa haina uvutikaji wa ngano. Hubanwa kati ya vibao viwili vya chuma vyenye mkono wa kukandamizia. Chuma hicho kizito, cha kudumu, ni dola 25. Hapa Texas chakula kisichopikwa hakitozwi kodi ya mauzo, lakini chuma si chakula, na Houston kodi hiyo ni asilimia 8.25, kwa hiyo kinafika dola 27.06. Kwa akiba ya senti 3 kwa tortila, nitakirudisha nikishabana tortila 902. Kwa akiba ya senti 0.6, nitahitaji 4,510. Familia inayokula 20 kwa wiki, hiyo ni miaka zaidi ya minne ya kubana. Aliyenunua kwa sababu ya kubana matumizi amebanwa yeye.

Mimi nilikaa mwaka mzima bila chuma. Nilikata mfuko wa plastiki ulio mzito kidogo pande mbili, nikaweka donge katikati, nikakandamiza kwa sufuria nzito yenye kitako bapa, uzito wote wa mwili juu yake. Inatoka duara la kuridhisha, nene kidogo. Mwenye kutaka kujaribu aanze hivyo, asikimbilie dukani. Donge likipasuka pembeni linataka maji, likinata kwenye plastiki linataka unga. Kikaango kikavu, moto wa juu: sekunde 30 upande wa kwanza, geuza, dakika moja upande wa pili, geuza tena, na kama mambo yako ni mazuri itavimba katikati kama chapati ya kusukuma vizuri. Kisha kwenye kitambaa, moja juu ya nyingine, zifunikwe. Tortila ya mahindi iliyoachwa wazi dakika tano inakuwa kadi ya mwaliko.

Na ladha? Hapo ndipo nitakapovunja hesabu yangu mwenyewe. Tortila iliyotoka kikaangoni sasa hivi, yenye chumvi kidogo na parachichi, haina undugu na ile ya pakiti iliyolala rafuni. Siku ya mgeni naikanda. Lakini hiyo ni anasa, na anasa ina haki yake, tusiiite akiba.

Tena Wameksiko wenyewe, wenye chakula chao, mijini wengi hawakandi. Bibi zao walipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia saa kadhaa kila siku, kazi ya wanawake tangu alfajiri. Karne ya 20 ilipoleta mashine za kusaga nixtamal na mashine za kutoa tortila, wanawake waliliacha jiwe wala hawakulililia. Leo mtu hutuma mtoto kwenye duka la tortila la mtaani, anarudi na kilo moja ya moto iliyofungwa kwenye karatasi. Chakula hiki kiko karibu na siasa kama vile unga wa ugali ulivyo kwetu: bei ilipopaa Januari 2007 watu waliingia barabarani, na serikali ya Felipe Calderón ikakubaliana na wafanyabiashara kiwango cha peso 8.50 kwa kilo. Hata katika hasira ile, waliokuwa barabarani walidai bei ya kununua ishuke.

Kuna na wale wanaotaka kuanzia kwenye punje, kwa chokaa na maji, kama nilivyoeleza juu. Nawaheshimu. Mimi nilifanya mara moja. Kuchemsha na kuloweka ni rahisi kuliko kupika makande. Tatizo ni kusaga. Blenda inadai maji mengi mpaka donge linakuwa uji, na kinu cha mkono cha kufunga mezani kilinitoa jasho kama la mashindano. Vilevile kuna unga wa masa wa mahindi ya kienyeji ya Meksiko, ya buluu na mekundu, unaouzwa kwa watu wa mapishi ya kifahari kwa dola 10 na zaidi kwa kilo. Ni mtamu, una harufu ya shamba. Ila kwa bei hiyo tortila moja inapita senti 15, na hapo huna tena hoja ya kuniambia kuhusu bajeti.

Jambo moja la kuangalia kwenye lebo, hasa nyumba yenye mjamzito au inayotarajia: asidi ya foliki, ile inayopunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Unga wa ngano uliorutubishwa unaouzwa Marekani umelazimika kuwa nayo tangu 1998. Unga wa masa ulisahauliwa. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa iliruhusu iongezwe, lakini kwa hiari ya mtengenezaji. California ilitunga sheria mwaka 2024 ya kuilazimisha, kuanzia Januari 2026. Kwingineko, geuza mfuko usome. Na usishangae ukikuta majina matatu rafuni ukadhani una uhuru wa kuchagua: Maseca, Mission na Guerrero yote ni ya kampuni moja, Gruma, iliyoanzia kaskazini mwa Meksiko mwaka 1949.

Ngano sasa, na hapa Mswahili ana mtaji ambao Mmarekani hana.

Tortila ya ngano ni ya kaskazini mwa Meksiko, Sonora na majirani zake, ambako ngano ya Wahispania ilistawi. Kwa mikono iliyozoea chapati, ni chapati iliyopunguziwa kazi. Hakuna kukunja wala kuzungusha kama kamba ili ipate matabaka. Mafuta hayapakwi kikaangoni. Yote yanaingia kwenye unga mwanzoni, yanasuguliwa kwa vidole mpaka unga uwe kama mchanga wenye unyevu, ndipo maji ya moto kiasi yafuate. Unakanda, unakata madonge, unayafunika nusu saa yalegee. Hiyo nusu saa usiiibe. Donge lisilopumzika ukilisukuma linajirudi kama mpira. Sukuma nyembamba kuliko chapati, mpaka uone rangi ya kibao kwa mbali. Kikaango kikavu na kikali, sekunde 30 au 40 kila upande. Ukizidisha inakuwa ngumu, na kosa la sisi wa chapati ni hilo hasa: tunasubiri madoa ya kahawia yaenee, kumbe machache yanatosha.

Unga gramu 500 kutoka kwenye mfuko wa ratili 5 wa dola 3 ni senti 66. Mafuta mililita 100, kutoka chupa ya lita 1.4 ya dola 4, ni senti 29. Chumvi kijiko, hamira ya unga nusu kijiko, senti 4. Jumla senti 99, na napata tortila 16 za upana wa sentimita 20. Senti 6 kwa moja.

Pakiti ya 10 za ukubwa huo, dukani: dola 3.50. Senti 35.

Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea nukta. Sikukosea. Tofauti ni senti 29 kwa kila tortila, na kwa mkando mmoja wa 16 ni dola 4.64. Hakuna chuma cha kununua: mti wa kusukumia upo, kibao kipo, na tawa ulilokuja nalo kwenye sanduku ukipingana na mwenzio kuhusu uzito wa mizigo, nalo lipo. Muda ni saa moja, nusu yake donge limelala na wewe unafanya mengine. Zinakaa kwenye jokofu siku nne, kwenye friza mwezi, ukiweka karatasi kati yake zisishikane.

Sababu ya pili haina uhusiano na senti. Mafuta ya asili ya tortila hii ni ya nguruwe. Viwanda vingi vikubwa siku hizi hutumia ya mboga, lakini si vyote, na tortila za moto zinazotengenezwa na maduka madogo mara nyingi hufuata mapishi ya nyumbani. Muislamu asome lebo atafute neno la Kihispania manteca au la Kiingereza lard. Na pasipo na lebo, aulize, na aulize vizuri, kwa sababu manteca kwa baadhi ya watu ni mafuta yoyote yanayoganda. Rafiki yangu wa Zanzibar alichoka kuuliza, akaanza kukanda mwenyewe kwa samli. Za samli, kusema kweli, zinazishinda zote nilizozitaja.

Msomaji aliyeko Arusha, Kisumu au Bujumbura naye ashike hii ya ngano. Unga wa masa huko ni wa kubahatisha, lakini ngano, mafuta na mikono ipo, na tortila za ngano za pakiti kwenye maduka makubwa zinauzwa kwa bei ya kitu cha kigeni. Kama utavutiwa na ile njia ya punje na chokaa, nakusihi: chokaa ya kupakia ukuta si chokaa ya chakula, hata kama jina ni moja na rangi ni moja. Haikusafishwa kwa ajili ya tumbo. Bila chokaa ya chakula, acha.

Tumefika kwenye maganda.

Ganda gumu lililokunjwa kama kitabu kilichofunguliwa nusu si sura ya kawaida ya taco. Meksiko taco kwa kawaida ni laini, tortila mbili ndogo zilizopashwa moto na nyama juu; za kukaanga zipo, huitwa za dhahabu, ila hukaangwa zikiwa zimeshajazwa. Ganda tupu linalosubiri kujazwa lilishamiri Marekani. Mwenye mgahawa wa Kimeksiko New York, Juvencio Maldonado, alipewa hataza mwaka 1950 kwa kifaa cha kukaangia tortila zikiwa zimekunjwa, nyingi kwa mpigo. Kule San Bernardino, California, mgahawa wa Mitla Cafe, uliofunguliwa 1937, ulikuwa ukiuza taco za kukaanga mbele ya kibanda cha bwana mmoja aliyeitwa Glen Bell. Bwana yule aliangalia foleni ya ng'ambo ya barabara, akala huko, akajifunza. Mwaka 1962 akafungua Taco Bell. Mitla Cafe haikupata mabilioni ya Taco Bell.

Boksi la maganda 12 lilikuwa dola 3, senti 25 kwa moja. Lakini hiyo ni bei ya boksi lililofika salama. Katika boksi la mwisho nililonunua mawili yalikuwa vipande, na yaliyobaki kumi yakawa senti 30 kila moja. Nilipofikisha manung'uniko yangu kwenye kaunta, kijana alinitazama kwa huruma akaniambia vipande vinafaa kwa saladi.

Kukaanga mwenyewe: tortila ya pakiti kubwa senti 5.6. Mafuta niliyapima kwa kuangalia chupa kabla na baada: maganda 24 yalikula mililita 120, yaani kijiko cha chai kwa ganda, senti 1.4. Jumla senti 7. Kwa maganda 24 ya familia yenye wageni, boksi mbili ni dola 6, ya kukaanga ni dola 1.68.

Na hapa ndipo kujitengenezea kila kitu kunapokugeuka. Niliwahi kukaanga tortila nilizobana mwenyewe asubuhi ileile, nikijiona fundi. Zilikuwa na unyevu mwingi. Mafuta yakaruka mpaka kwenye saa ya ukutani, ganda likavimba malengelenge, likalegea katikati. Tortila nzuri ya kukaanga ni ya pakiti, tena iliyokwisha lala siku mbili tatu. Mimi huzitandaza mezani juu ya taulo nusu saa zikauke zaidi. Kwa mara moja maishani, kitu kilichochakaa kidogo ndicho bora.

Mafuta yawe kina cha vidole viwili, yapate moto wa nyuzi 180. Huna kipimajoto, tupa kipande cha tortila, kikichemka papo hapo na kuelea yako tayari. Ingiza tortila bapa kwanza, sekunde kumi, ilainike. Ikamate kwa koleo, ikunje, uizamishe upande mmoja huku ukiushika wima ule mwingine, na uache nafasi ya vidole viwili mdomoni, la sivyo utapata sambusa isiyo na kitu. Kama nusu dakika, geuza. Usiangalie rangi, sikiliza: mapovu makali ni maji yanayotoka, na sauti ikishapungua ganda limekauka. Litoe, ulisimamishe kichwa chini juu ya karatasi mafuta yachuruzike, unyunyize chumvi wakati bado linang'aa.

Asiyetaka mafuta mengi atumie ovena. Pasha tortila kwenye taulo lenye unyevu mpaka zilegee, zipake mafuta kwa brashi pande zote, zining'inize juu ya nondo mbili za wavu wa ovena, kama nguo kwenye kamba, nyuzi 190, dakika nane hivi. Mafuta yanapungua, hakuna wa kuungua mkono, na maganda yanatoka 12 kwa pamoja. Hayapasuki mdomoni kwa mlio uleule, lakini siku ya kazi ndiyo njia yangu.

Ndani weka utakacho. Nyumbani kwetu ni nyama ya kusaga iliyokaushwa na bizari nzima na pilipili manga, kachumbari yenye ndimu ya kutosha, na maharage kwa yule dada wa Bukavu, ambaye sasa huja Ijumaa bila kusingizia chumvi. Yale yanayovunjika hayafiki mezani. Watoto husimama karibu na jiko wakiyasubiri, na siku hizi nashuku kuna mkono unaoyasaidia kuvunjika.